Mtoto Hatulii Darasani: Tupime Nini Kwanza?

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu kijana wa miaka 13 hadi 19 aliye shuleni, ambaye akili yake haitulii kwenye masomo.

Tuseme wewe ni mzazi, unaishi hapa Kaloleni, Kisumu. Una binti wa miaka 15, yuko gredi ya tisa. Alikuwa mtoto mwepesi wa kushika mambo. Sasa ni muhula wa pili ripoti yake inakuja na maneno yale yale: hayuko makini, anasinzia, anasahau kazi aliyopewa. Baba yake anasema ni simu. Nyanya yake anasema ni jicho la watu. Mwalimu anasema ni uvivu. Jirani naye anakuambia, "Mama, mpeleke akapimwe thairoidi na vitamini. Mtoto wa dada yangu alikuwa hivyo hivyo." Unauliza bei kwenye maabara moja ya mjini, unatajiwa pesa nyingi kuliko karo uliyokuwa umeiweka kando. Ufanye nini? Utoe hiyo pesa ya karo? Umchape mtoto? Ungoje aone mwenyewe akikua?

Jibu langu ni hili. Jirani yako hajakosea. Thairoidi ikilegea, akili nayo hulegea, na kuna watoto waliopoteza miaka ya masomo kwa sababu hakuna aliyefikiria kuipima. Lakini hapa kwetu kando ya ziwa, yako mambo mengine yanayoiba utulivu wa mtoto mara nyingi zaidi, na vipimo vyake ni rahisi na vya bei ndogo. Hivyo ndivyo hutangulia. Thairoidi na vitamini hupimwa pale dalili zinapoita. Ukifuata mpangilio huo, hutakosa ugonjwa, wala hutamaliza pesa za mtoto kwa kutafuta kisichokuwepo.

Kabla ya damu, mtoto mwenyewe

Kipimo cha kwanza hakina sindano. Keti na mtoto wako mahali ambapo ndugu zake hawasikii, umuulize taratibu. Unalala saa ngapi, na unaamka saa ngapi? Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Anayezima simu saa sita usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri hana haja ya maabara ili tujue kwa nini anasinzia. Asubuhi unakula nini? Chai ya rangi pekee haiwezi kumfikisha mtoto saa saba mchana. Ubaoni unaona vizuri? Mwalimu akiongea akiwa amekupa mgongo unamsikia? Watoto wengi wameitwa wajinga miaka mitatu, kumbe walihitaji miwani.

Muulize pia kama kuna jambo linalomsumbua moyoni: anayemwonea shuleni, mtu mzima anayemfuata njiani, ugomvi wa nyumbani, au huzuni isiyo na jina. Usimkatize. Kama ni binti, muulize kuhusu hedhi yake: huchukua siku ngapi, na hubadilisha pedi mara ngapi kwa siku. Wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo, na jibu lake linaweza kuwa ndilo ufunguo wa yote, kama tutakavyoona.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ni kweli. Lakini methali hiyo inahusu mtoto aliyedekezwa, si mtoto mgonjwa. Fimbo haiongezi damu.

Damu na malaria

Sasa twende kituo cha afya. Kipimo cha kwanza cha kumwombea mtoto ni cha wingi wa damu, yaani hemoglobini. Hemoglobini ndiyo inayobeba hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo. Damu ikipungua, mtoto huchoka upesi, huumwa kichwa, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, na darasani anakuwepo lakini hayupo. Wengine hutamani kula udongo au mawe laini yanayouzwa sokoni. Wewe huiona tabia mbaya, lakini mara nyingi ni ishara kwamba mwili umekosa madini ya chuma.

Msichana wa kuanzia miaka 12 asiye mjamzito akiwa na hemoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita, amepungukiwa damu. Kwa mvulana wa miaka 12 hadi 14 kipimo ni hicho hicho cha 12, na kuanzia miaka 15 ni 13. Ukipewa karatasi ya majibu, tafuta nambari hiyo na uulize maana yake. Usirudi nyumbani na maneno "damu iko sawa" pekee.

Kwa nini damu ipungue? Hapa kwetu sababu kubwa ni nne: malaria, minyoo na kichocho, hedhi nzito, na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Mara nyingi hushikana mikono mbili au tatu.

Malaria tunaijua, au tunadhani tunaijua. Tumezoea kwamba mwenye malaria hutetemeka, hutapika na kulala kitandani. Lakini mtoto aliyekulia ukanda huu wa ziwa huwa amepata kinga kiasi. Anaweza kubeba vijidudu vya malaria kwenye damu kwa wiki nyingi bila homa, akaenda shule, akacheza, huku damu ikiliwa polepole.

Hili halikukisiwa. Lilichunguzwa jirani zetu hapa, katika shule 30 za msingi za Bondo, kaunti ya Siaya ya leo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watafiti waliwapa watoto wa shule kadhaa dawa za malaria mara moja kila muhula, wakiwa hawaugui. Watoto wa shule nyingine walipewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, upungufu wa damu ulikuwa asilimia 6.3 kwa waliopewa dawa, na asilimia 12.6 kwa wale wengine, yaani mara mbili. Kisha watoto wakapewa majaribio ya utulivu wa akili, kama kusikiliza sauti na kuzihesabu bila kupotea. Waliopewa dawa walifanya vizuri zaidi.

Sikiliza vizuri jambo hilo. Watoto walioonekana wazima, wa kando ya ziwa hili hili, walishindwa kuhesabu sauti vizuri kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuona. Sasa fikiria ni wangapi waliochapwa kwa uvivu.

Lakini niseme ukweli wote. Katika utafiti huo huo, alama za masomo hazikupanda ndani ya mwaka huo mmoja. Dawa ilirudisha uwezo wa kutulia, haikuwafundisha watoto hesabu walizozikosa. Kwa hiyo mtoto akitibiwa leo, usimdai nafasi ya kwanza mwezi ujao. Mpe muda, na umwombe mwalimu amsaidie kurudia yale yaliyompita.

Na usichukue habari hiyo ukaenda kununua dawa za malaria dukani kumpa mtoto kila muhula. Ule ulikuwa utafiti uliosimamiwa na wataalamu. Kazi yako ni kuomba apimwe, kumtibu kikamilifu akikutwa nayo, na kuhakikisha analala ndani ya neti. Vijana hawa ndio tunaowasahau. Neti hupewa mama na mtoto mchanga, na kijana wa miaka 15 analala kwenye kochi sebuleni bila chochote.

Minyoo na kichocho

Mwombee pia kipimo cha kinyesi. Minyoo ya safura hung'ata utumbo na kunyonya damu. Kichocho cha ziwa letu kwa kawaida hukaa tumboni, hivyo usingoje kuona damu kwenye mkojo. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuhara kunakokuja na kuondoka, uchovu, na wakati mwingine damu kwenye choo. Kijana anayeogelea Dunga, anayeosha pikipiki majini au anayesaidia kuvuta nyavu yuko hatarini zaidi.

Kaskazini yetu, Busia, dawa za minyoo zilitolewa kwa awamu katika shule 75 kuanzia mwaka 1998. Utoro wa shule ulipungua kwa kiasi cha robo. Hapo pia alama za mtihani hazikupanda, lakini mtoto aliyekuwa akikosa shule alirudi kwenye kiti chake. Kazi hiyo ni mojawapo ya zilizochangia serikali kuanza mpango wa kutoa dawa za minyoo katika shule nchini. Muulize mtoto wako alimeza dawa lini mara ya mwisho, na kama siku hiyo alikuwepo.

Kuna mambo mengine mawili ya kuuliza mkiwa pale. La kwanza ni ugonjwa wa siko seli, ambao uko mwingi katika eneo letu la Nyanza. Kama mtoto hajawahi kupimwa, na huwa anaumwa viungo au macho yake yana umanjano, mwombee kipimo. Ugonjwa huo unaweza kudhuru ubongo polepole bila mtu kuona. Tena, mwenye siko seli hapewi vidonge vya madini ya chuma ovyo, ndiyo sababu nasema tupime kabla ya kununua. La pili ni virusi vya UKIMWI. Wako vijana waliozaliwa navyo na hawajapimwa hadi leo. Kipimo ni cha siri, na dawa zipo. Mficha uchi hazai.

Sasa tuje kwenye thairoidi

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, yenye umbo kama kipepeo. Kazi yake ni kutoa homoni zinazouambia mwili uende kwa kasi gani. Fikiria jiko la mkaa. Ukifunga mlango wake wa hewa, moto hufifia. Ukiuacha wazi kabisa, mkaa huwaka ovyo na kuisha.

Tezi ikitoa homoni kidogo, kila kitu hupungua mwendo. Kijana husikia baridi wakati wengine wanatoa jasho la Kisumu. Ngozi hukauka, nywele hukatika, choo huwa kigumu, uso huvimba kidogo, uzito huongezeka bila kula sana. Binti anaweza kupata hedhi nzito au isiyo na mpango. Anakuwa mzito wa kufikiri, na sauti yaweza kuwa nzito pia. Na kuna dalili moja ambayo mama huigundua kabla ya daktari: mtoto haongezeki urefu. Sare ya mwaka juzi bado inamtosha, na wenzake wote wamempita.

Tezi ikitoa homoni nyingi mno, kijana huwa mwembamba ingawa anakula. Moyo humdunda hata akiwa ameketi, mikono hutetemeka, hutoa jasho, hakasiriki kwa sababu bali hulipuka tu, halali vizuri, na macho yanaweza kutokeza. Huyu darasani hatulii hata kidogo, na mwalimu husema ana utundu.

Ukiziona dalili hizo, hata tatu au nne kwa pamoja, au ukiona uvimbe mbele ya shingo, yaani goita, hapo kipimo cha thairoidi si anasa. Vivyo hivyo kama mama, shangazi au dada wa mtoto aliwahi kuugua tezi hiyo. Mwambie afisa wa kliniki dalili unazoziona, umuulize kuhusu kipimo cha damu kinachoitwa TSH. Hicho kimoja hutosha kuanzia. TSH ikiwa juu, kwa kawaida ina maana ubongo unaipigia kelele tezi iliyolala. Ikiwa chini sana, tezi inafanya kazi kupita kiasi. Ndipo vipimo vingine hufuata. Hakuna haja ya kulipia vipimo sita siku ya kwanza.

Chagua siku nzuri ya kupima. Mtoto aliye na homa kali au aliyetoka hospitalini juzi anaweza kupata majibu yasiyo sahihi. Na kama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, mwambie mtu wa maabara. Bayotini inaweza kuyavuruga majibu ya thairoidi yakaonyesha ugonjwa usiokuwepo.

Akikutwa na tezi iliyolegea, tiba ipo na imejulikana miaka mingi: kidonge kimoja cha homoni ile ile kila asubuhi tumbo likiwa tupu. Kama anameza pia madini ya chuma, vitenganishwe kwa saa nne hivi, maana chuma huzuia dawa hiyo isiingie mwilini. Hatibiwi kwa kunywa ayodini, wala kwa dawa ya kupaka shingoni.

Chumvi ya jikoni

Nimetaja ayodini. Haya ni madini ambayo thairoidi huyatumia kutengeneza homoni zake. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa upungufu wa ayodini ndio sababu kubwa zaidi ya kuharibika kwa ubongo wa watoto ambayo ingeweza kuzuiwa. Madhara makubwa hutokea mtoto akiwa bado tumboni.

Labda unasema, "Sisi watu wa ziwa tunakula samaki kila siku." Ni vizuri, endelea. Lakini samaki wa maji baridi hawana ayodini nyingi kama wa baharini. Kinachotukinga sisi ni chumvi. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe ayodini kiwandani. Nyingi hutengenezwa pwani, pande za Gongoni na Marereni, ikasafiri hadi kwetu.

Nunua iliyofungwa kwenye pakiti yenye maandishi kwamba ina ayodini. Ile ya mawe ya kupimwa kwa kopo, uliyonunulia ng'ombe, usiitie kwenye mboga. Weka chumvi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na jua, na uitie sufuriani chakula kikikaribia kuiva. Usiongeze kipimo eti upate ayodini zaidi. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na kijiko kidogo kimoja kwa siku kwa mtu mzima kinatosha kwa yote.

Vitamini: kupima au kula?

Watu wengi huomba vitamini zote zipimwe. Nitakuambia jambo ambalo muuzaji wa vipimo hatakuambia: kwa mtoto wa kawaida asiye na dalili maalumu, pesa hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi Kibuye, kwa mama mboga.

Vitamini D mwili huitengeneza kwa jua, nasi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Upungufu wake huonekana zaidi kwenye mifupa na misuli: maumivu ya miguu, udhaifu wa kupanda ngazi. Kijana anayeshinda ndani kutwa, au binti anayejisitiri mwili mzima anapotoka, aketi kidogo kwenye jua uani, mahali pa faragha, mikono na miguu ikiwa wazi. Akiwa na maumivu ya mifupa, hapo daktari anaweza kuagiza kipimo.

Vitamini B12 hupatikana kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Anayekula omena mara kadhaa kwa wiki kwa kawaida hana shida nayo. Asiyegusa kabisa vyakula hivyo, au mwenye ganzi miguuni, ulimi unaouma na damu iliyopungua, huyo apimwe.

Madini ya chuma ndiyo yenye upungufu mwingi, hasa kwa wasichana. Omena mwenyewe anayo, kwa kuwa tunamla mzima, kichwa na mifupa. Maini, nyama nyekundu, maharagwe, ndengu, na mboga zetu kama osuga, dek na boo husaidia pia. Lakini chuma cha mboga ni kigumu kuingia mwilini. Kisaidie kwa kitu chenye vitamini C: pera, chungwa, au limau lililokamuliwa juu ya mboga. Na chai, ambayo tunaipenda sana, iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula. Majani ya chai hushika chuma kikapita tumboni bure.

Damu ikipungua sana, chakula pekee hakitoshi. Atapewa vidonge. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Atajisikia nafuu baada ya wiki chache, lakini asiache, kwa kawaida huendelea miezi mitatu ili akiba ijae. Vidonge hivyo viweke mbali na mtoto mdogo. Akivimeza vingi vinaweza kumuua.

Mashine ya kushika mkononi

Hapa nataka uwe macho. Wako watu wanaozunguka sokoni, makanisani, hata shuleni, na kompyuta ndogo na kifaa cha kushika mkononi. Unakishika dakika moja, unachapishiwa karatasi inayosema thairoidi yako iko hivi, vitamini yako iko hivi, ini lako hivi. Kisha unauziwa makopo ya dawa kwa maelfu ya shilingi. Msikilizaji, homoni za thairoidi na vitamini hupimwa kwa damu, ndani ya maabara. Hakuna kifaa cha kushika mkononi kinachoweza kuzisoma kupitia ngozi. Karatasi ile inatisha kwa sababu imetengenezwa ili itishe. Hifadhi pesa yako.

Siku ya kwenda kituoni

Anzia kituo cha afya cha umma kilicho karibu, au hospitali ndogo kama Lumumba. Beba ripoti ya shule, kadi za hospitali za zamani, na dawa zote anazotumia, hata zile za mitishamba. Andika kwenye karatasi tatizo lilianza lini. Tueleze mambo mawili makubwa unayoyaona nyumbani, halafu umwache mtoto aongee na mhudumu peke yake dakika chache. Akionekana kuwa na tatizo la thairoidi au jingine gumu, ataandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. Uliza mapema ni huduma zipi zinazogharamiwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na kama jina la mtoto limo kwenye usajili wako.

Kabla ya kulipia kipimo chochote, uliza maswali matatu: Kipimo hiki kinatafuta nini? Majibu yakiwa mabaya, matibabu yatabadilika vipi? Yakiwa mazuri, tutafanya nini tena? Mhudumu mzuri hatakasirika kuulizwa.

Usingoje

Kuna dalili ambazo hazisubiri mpangilio huu. Mtoto anayekatika ghafla katikati ya sentensi, akakodoa macho sekunde chache kisha akaendelea bila kujua, anaweza kuwa na kifafa kisichoangusha, ambacho walimu hukiita kuota mchana. Mpeleke wiki hiyo hiyo. Anayezimia, mwenye homa na shingo ngumu, mwenye kichwa kinachomwamsha alfajiri akitapika, au anayesema hataki kuishi, mpeleke siku hiyo hiyo. Na yule asemaye hataki kuishi, usimwache peke yake hata kidogo.

Mambo ya kukumbuka

- Mwulize na umsikilize mtoto kabla ya kumpima au kumwadhibu. Usingizi, chakula, macho, masikio na moyo vinatangulia.
- Vipimo vya kwanza hapa kwetu ni wingi wa damu, malaria na kinyesi. Siko seli na virusi vya UKIMWI kama hajawahi kupimwa.
- Thairoidi ipimwe kukiwa na dalili, na TSH inatosha kuanzia.
- Vitamini nyingi hununuliwa sokoni. Kupima ni kwa mwenye dalili maalumu.
- Chumvi iwe ya pakiti yenye ayodini, chai ingoje baada ya mlo, kijana alale ndani ya neti.

Tumrudie yule binti wa miaka 15 tuliyeanza naye. Huenda akakutwa na damu ya gramu 9 kwa sababu ya hedhi nzito ambayo hajawahi kumwambia mtu. Huenda akakutwa na tezi iliyolegea, na jirani yako akawa amesema kweli. Au damu ikawa safi kabisa, na mkabaki na simu ya saa sita usiku ya kuzungumzia. Lolote litakalopatikana, atakuwa amejua jambo moja: siku aliposhindwa, mama yake alikaa chini akamsikiliza, kisha akamshika mkono wakaenda pamoja.

Msikilizaji, hapo ndipo tunapofikia leo. Usisikilize peke yako. Mpelekee habari hii jirani mwenye kijana nyumbani. Tukutane tena katika kipindi kijacho, Mungu akitujalia. Afya njema.